Mashine ilinde mlango, hukumu ibaki kwa watu

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Sanje, katika Bonde la Kilombero.



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo miaka michache iliyopita lisingeweza kuwekwa katika ajenda ya mkutano wowote wa kata. Jambo lenyewe ni hili: makundi yetu ya mazungumzo ya simu yamekuwa makubwa mno, viongozi wake wamechoka, na sasa kuna pendekezo kwamba kazi ya kuyasimamia ikabidhiwe mashine. Swali tulilo nalo ni kama tufanye hivyo, na kama tukifanya, tufanye kwa masharti gani.

Ndugu zangu, tusilidharau swali hili kwa kudhani ni la vijana wa mijini. Leo mwalimu mkuu akitaka kuwaita wazazi hatumi tena mtoto na barua. Anaandika katika kundi la shule. Mtendaji akitaka kutangaza siku ya usafi anaandika katika kundi la kijiji. Wakulima wa mpunga na wakulima wa miwa wanapashana habari za bei, za mbolea na za zamu ya mizani katika makundi yao. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu 1,024. Hao ni watu wengi kuliko wanaohudhuria mikutano mingi ya hadhara ya vijiji vyetu. Mkutano wa hadhara una mwenyekiti, una katibu, una utaratibu wa kunyoosha mkono, na una saa ya kufunga. Kundi la simu halilali. Mtu aweza kusimama saa nane za usiku akasema lolote, na maneno yake yakafika katika nyumba elfu moja kabla mwenyekiti hajaamka.

Hapana budi basi kueleza kwanza mashine hii ni kitu gani, maana watu wengi wanaiogopa kwa kutoijua, na wengine wanaitumaini kupita kiasi kwa sababu hiyo hiyo.

Mashine yenyewe

Wataalamu wanaiita kwa neno la kigeni ambalo kwa masikio yetu ni sawa na boti, lakini boti kwetu sisi wa Kilombero ni chombo cha kuvukia mto, kwa hiyo nitaiita roboti. Haina mikono wala miguu. Ni programu ya kompyuta iliyoandikishwa katika kundi kama vile mwanachama mwingine, ila yeye hupewa madaraka ya msimamizi. Kampuni ya Telegram ilifungua mlango wa roboti za namna hii mwaka 2015, na huduma nyingine kama Discord zinazo pia. Mwenye kundi huiomba huduma impe roboti mpya, huichagulia jina, naye hukabidhiwa ufunguo wa siri, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Yeyote mwenye ufunguo huo ndiye mwenye roboti. Baada ya hapo roboti huingizwa katika kundi, hupewa haki ya kufuta ujumbe na kumtoa mtu, kisha huandikiwa kanuni: ujumbe wa namna hii upitishe, wa namna hii uzuie, mtu akituma ujumbe kumi kwa dakika moja mnyamazishe kwa saa moja, mgeni akiingia muulize swali kabla hajaruhusiwa kusema.

WhatsApp, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia, imejengwa kwa namna tofauti. Ujumbe wake umefungwa kwa siri kutoka simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na kazi ya ulinzi imeachwa kwa wasimamizi binadamu. Hao wamepewa zana kadhaa: tangu 2018 wanaweza kulifunga kundi ili wasimamizi peke yao waandike, tangu 2022 wanaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, na tangu 2023 wanaweza kumchuja mtu kabla hajaingia. Nalieleza hili ili tusije tukaletewa fundi wa kutuuzia roboti ya kundi letu la WhatsApp kwa njia za panya, ambazo huishia kwa namba yetu kufungiwa.

Kwa nini inatakiwa

Je, haja ya mlinzi ipo? Ipo, tena kubwa. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni utapeli. Hakuna mtu katika chumba hiki ambaye hajapata kupokea ujumbe wa kumwambia ile hela itume kwenye namba hii. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, katika miaka ya karibuni zimeutaja mara kwa mara mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Rukwa, kuwa mbele katika majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Mamlaka imetenga namba 15040 ya kupokea taarifa za namba za matapeli, na ni wajibu wetu kuitumia. Lakini tapeli akishaingia katika kundi la wazazi, akajifanya mwalimu wa taaluma na kudai mchango wa mtihani, hasara hutokea kwa dakika chache. Katika kazi hii roboti haina mpinzani. Yeye hachoki, hasinzii, na hawezi kuonewa haya. Mgeni aliyeingia leo akituma namba ya kupokelea fedha, roboti huuzuia ujumbe ule papo hapo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ni uvumi. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha, watafiti wawili na dereva wao, waliuawa na wananchi waliowadhania kuwa wanyonya damu. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa kazini. Neno moja, mumiani, liliwatangulia, na neno hilo lilitosha.

Ndugu zangu, fikirini maana ya habari hiyo kwetu sisi wa bonde hili. Ifakara imekuwa kituo cha utafiti wa magonjwa tangu Waswisi walipofungua maabara yao mwaka 1957, maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa zaidi ya miaka 60 watafiti wamepita katika vijiji vya Kilombero wakitega mbu usiku, wakipima watoto, wakichukua damu kidoleni. Vyandarua vyenye dawa ambavyo leo taifa zima linalalia vilipimwa kwa kiasi kikubwa katika bonde hili. Kazi hiyo yote imesimama juu ya imani ya wananchi. Uvumi mmoja uliotumwa usiku katika kundi la kijiji waweza kuivunja imani hiyo, na waweza kumgharimu maisha kijana aliyeshika mtego wa mbu.

Wala jambo hili si la Tanzania peke yake. Nchini India, mwaka 2018, uvumi wa wezi wa watoto ulienea kwa WhatsApp kutoka kijiji hadi kijiji. Julai 1 mwaka huo watu watano waliuawa na kundi la watu katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra. Mwezi huo huo kampuni ilipunguza huko India idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kupelekea ujumbe kwa mara moja, yakawa matano. Januari 2019 kanuni hiyo ikawekwa kwa dunia nzima. Angalieni walichofanya: hawakujaribu kuamua ujumbe upi ni kweli na upi ni uongo. Waliupunguzia mwendo tu, ili mtu apate nafasi ya kuuliza.

Watu peke yao

Huenda mtu akasema: tuache mashine, tuweke watu waaminifu, yatosha. Majirani zetu wa Kenya walilijaribu hilo. Kulikuwa na baraza la mazungumzo ya mtandao lililoitwa Mashada, likiongozwa na Mkenya David Kobia, na lilikuwa miongoni mwa mabaraza makubwa ya Wakenya wa nyumbani na wa ng'ambo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipoingia katika machafuko, baraza lilijaa matusi ya kikabila na maneno ya kuchochea damu. Wasimamizi walifuta, wakafuta, wakazidiwa. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia aliamua kulifunga, na mahali pake akafungua ukurasa uliowataka watu waandike kwamba wao hawana kabila. Baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, mtambo wa kukusanya taarifa za wananchi ambao umetumika katika nchi nyingi duniani.

Hapa pana somo. Watu wema, wenye nia njema, walishindwa kwa sababu ya wingi tu. Maji yakizidi, ndoo hazitoshi. Kwa hiyo anayesema mashine haina kazi kabisa hajapata kulisimamia kundi la watu elfu moja katika usiku mbaya.

Lugha yetu

Lakini, ndugu zangu, kutoka hapo hadi kuikabidhi mashine rungu la hukumu ni safari ndefu, na sababu ya kwanza ya kutahadhari ni lugha yetu wenyewe.

Roboti iliyo rahisi kabisa hufanya kazi kwa orodha ya maneno. Msimamizi huandika maneno mabaya, na roboti hufuta kila ujumbe wenye neno mojawapo. Sasa chukueni neno dogo la herufi mbili, ua. Ua ni kuondoa uhai. Ua ni lile linalochanua bustanini. Ua ni uzio wa nyumba. Roboti haijui bustani wala uzio. Tena neno hilo limo ndani ya mvua, ndani ya jua, ndani ya chukua, nunua na ugua. Fundi asiyejua Kiswahili akiandika kanuni ya kufuta kila penye herufi hizo mbili, basi siku mtu wa juu mlimani atakapoandika kwamba mvua kubwa inanyesha Udzungwa na mto unajaa, onyo hilo litafutwa. Roboti itakuwa imetii kanuni yake barabara, na watoto watakuwa wanavuka kijito kwenda shule.

Fundi akigundua kosa lake atasema: basi ifute pale tu neno linaposimama peke yake. Hapo mchochezi atapita mlango ule ule akitembea polepole, maana Kiswahili hakisimamishi vitenzi vyake peke yake. Mtu hasemi ua. Anasema muueni, tukawaue, watauawa. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kwa viambishi vyake huzaa maumbo mengi kuliko orodha yoyote atakayoandika mtu mmoja jioni moja. Walimu wa Kiswahili mliopo hapa mnalijua hilo kuliko mimi, na ndiyo maana nasema kwamba kazi hii inawahitaji ninyi kabla ya kumhitaji fundi.

Pana hatari nyingine iliyofichika zaidi. Neno laweza kuwa safi katika kamusi na likawa sumu midomoni mwa watu. Kenya wanalo neno madoadoa. Kwetu ni alama za chui au za kitenge. Kwao, tangu siasa za miaka ya nyuma, limetumika kuwataja watu wa makabila mengine kuwa ni doa la kuondolewa, na Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa kwa kulitamka katika mkutano wa hadhara. Mashine gani ingelijua hilo bila kufundishwa na mtu wa pale pale?

Nasi tusijidanganye kwamba hatuna maneno ya namna hiyo. Bonde hili ni la Wandamba na Wapogoro, Wahehe na Wabena, na ni la wote waliokuja kwa kazi ya miwa, kwa reli ya TAZARA, kwa mpunga na kwa mifugo. Migogoro ya wakulima na wafugaji imeliumiza. Mtu akiandika katika kundi la kijiji kwamba wageni wamezidi, ng'ombe wao wamo shambani, tukutane kesho alfajiri na kila mtu aje na chake, hakuna neno hata moja hapo ambalo limo katika orodha ya maneno mabaya. Lakini kila mtu mzima wa Sanje anajua maana yake. Mashine itaupitisha ujumbe huo, na huo ndio uliostahili kuzuiwa kabla ya yote.

Hesabu ya makosa

Wapo watakaosema kwamba mashine za sasa, zile zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano, zinaelewa zaidi ya orodha. Ni kweli zinaelewa zaidi. Lakini na tupige hesabu moja ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Tuchukulie kundi lenye ujumbe 1,000 kwa siku, na kati ya huo, ujumbe 5 ndio mbaya kweli. Tuchukulie roboti yetu ni hodari: inaunasa mibaya 4 kati ya 5, na kwa ule mzuri inakosea mara 2 tu katika kila 100. Ujumbe mzuri ni 995. Asilimia mbili yake ni karibu 20. Kwa hiyo jioni roboti itakuwa imefuta ujumbe 24, na kati ya huo 20 ni wa watu wasio na hatia. Mashine inayosifiwa kwa kukosea mara mbili tu katika mia itakuwa imewaonea watu watano kwa kila mkosaji mmoja iliyemkamata.

Hesabu hii haisemi kwamba mashine ni mbaya. Inasema kwamba pale wakosaji walipo wachache katika umma wa watu wema, mashine isipewe haki ya kutoa adhabu ya mwisho. Ikamate, iweke kando, imwite mtu aangalie. Mtu mmoja kuangalia ujumbe 24 ni kazi ya dakika kumi. Kuangalia ujumbe 1,000 ni kazi ya siku nzima. Huo ndio msaada halisi wa roboti, nao si mdogo.

Aliyeifundisha

Yatupasa pia kujua kwamba akili ya mashine hizi haikushuka kutoka mawinguni. Ilifundishwa, na sehemu ya walimu wake walikuwa vijana wa Afrika Mashariki. Mjini Nairobi kampuni ya Sama iliajiri vijana wa kutazama na kuondoa picha na maneno machafu ya Facebook, wengine kwa lugha za Kiafrika. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi akidai kwamba kazi ile iliwajeruhi akili bila msaada wa kutosha. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao baada ya kuachishwa kazi. Januari mwaka huo huo jarida la Time lilieleza kwamba wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 za Marekani kwa saa kuainisha maandishi ya kutisha, ili mashine ya OpenAI ipate kuyatambua.

Naitaja habari hii kwa sababu mtu akituambia kwamba roboti yake haihitaji binadamu, tumwulize binadamu wake wako wapi. Daima wapo. Ama wako Nairobi, hawaonekani na hawatajwi, ama wako hapa Sanje, tunawajua kwa majina na tunaweza kuwauliza. Mimi nachagua hawa wa pili.

Jicho la nani?

Sababu nyingine ya tahadhari ni siri za watu. Roboti iliyopewa madaraka ya msimamizi husoma kila kinachoandikwa. Zipo roboti nyingi za bure mitandaoni, na wenye haraka huziingiza katika kundi bila kuuliza mwenye ufunguo ni nani. Lakini katika kundi la shule mna majina ya watoto, mna matokeo yao, mna habari ya mzazi aliyeugua na mtoto aliyekosa sare. Je, tungeruhusu mtu tusiyemjua aketi katika ofisi ya mwalimu mkuu kila siku, akinakili kila barua, kwa sababu tu hadai mshahara?

Sheria ya nchi inatusaidia hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa sababu iliyo wazi na azilinde. Sheria hiyo inampa pia mwananchi haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Ipo vilevile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inamgusa anayetangaza uongo akijua ni uongo. Msimamizi wa kundi asizisome sheria hizi kwa woga. Azisome ili ajue mipaka ya kazi yake na haki za wale anaowasimamia.

La kufanya

Kwa hiyo basi, ndugu zangu, napendekeza utaratibu ufuatao, na napendekeza tuufuate kwa mpangilio wake.

Kwanza, kabla ya kuitafuta roboti, kundi liandike sheria zake ndogo kwa Kiswahili chepesi, zisizidi ukurasa mmoja, na zipitishwe katika mkutano wa ana kwa ana. Roboti haiwezi kulinda sheria ambayo watu wenyewe hawajakubaliana. Kinachokatazwa kitajwe: matusi, kudai fedha bila kibali, picha za maiti na za watoto, uvumi usio na chanzo, maneno ya kuchochea kabila au kundi la watu.

Pili, wachaguliwe wasimamizi watatu au watano, wanawake kwa wanaume, wanaojua lugha na mila za watu wa hapa. Ufunguo wa roboti ukae kwa wawili kati yao, na siku mmoja akihama kituo ubadilishwe. Watumishi wa umma tunahama. Ufunguo usihame nasi.

Tatu, orodha ya maneno na mifano iandikwe na walimu wa lugha pamoja na wazee, si na fundi peke yake. Kila neno lijaribiwe: linapatikana ndani ya maneno gani mengine? Lina maana ngapi? Neno chinja likizuiwa, je, tutaweza kualikana sikukuu ya Idi? Neno damu likizuiwa, je, hospitali itawezaje kutuita kuchangia?

Nne, mwezi wa kwanza roboti itazame tu, isifute chochote. Iandike pembeni ingefuta nini. Mwisho wa mwezi wasimamizi wahesabu ilipopatia na ilipokosea, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani wa majaribio. Isipofaulu, isipewe kazi.

Tano, ikishapewa kazi, ipewe kazi ya mlangoni: kumkaribisha mgeni na kumsomea sheria, kuzuia viungo na namba za fedha kutoka kwa wageni, kupunguza mwendo wa anayetuma mno, kuuliza chanzo pale ujumbe uliosambazwa mara nyingi unapoingia. Kumtoa mtu katika kundi kubaki kwa wasimamizi, tena baada ya kumsikiliza. Maonyo ya mafuriko, ya moto na ya mtoto aliyepotea yawe na njia yake, yaende moja kwa moja kwa msimamizi wa zamu, yasizuiwe na mashine.

Sita, kila aliyefutiwa ujumbe aambiwe sababu, na awe na pa kulalamika. Mabaraza yetu ya kata, yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, yalijengwa juu ya desturi ya kuwasikiliza wote wawili na kuwapatanisha. Sioni kwa nini desturi hiyo ikomee mlangoni mwa simu. Na kila mwezi idadi ya waliozuiwa, na ya waliozuiwa kwa makosa, isomwe mbele ya wanachama wote.

Ndugu Mwenyekiti, nchi yetu si mgeni wa vyombo vinavyozungumza na watu wengi kwa mara moja. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza, lakini redio haikuachwa peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kila kikundi kilikuwa na mtu aliyejua nani hajasema, nani anaogopa, na nani anataka ugomvi. Chombo kilipeleka sauti, na mtu akaongoza mazungumzo.

Mpango ule ulikuwa na gharama, nayo ilikuwa ni kuwaandaa watu. Gharama hiyo haijafutwa na roboti. Atakayeniambia kwamba tukinunua mashine hatutahitaji tena kuwafundisha wasimamizi, nitamjibu kwamba anatuuzia nusu ya kitu kwa bei ya kizima.

Naomba basi kikao hiki kisitoke na azimio la jumla la kuipokea au kuikataa mashine. Kitoke na kazi. Walimu wa Kiswahili wa shule za kata hii wakutane kabla ya mwisho wa mwezi na waanze orodha. Kamati za shule ziandike sheria ndogo na kuzisoma katika mikutano ya wazazi. Watendaji wateue msimamizi wa zamu wa maonyo ya mvua kabla ya masika, maana mito ya Udzungwa haisubiri vikao. Na yule atakayepokea usiku huu ujumbe wa kwamba wanyonya damu wameonekana njia ya Ifakara, asiusambaze. Ampigie simu mtu aliyeko huko, amwulize ameona nini.